Ukitaka kutua vizuri, acha kuitazama ardhi iliyo chini yako

Siku ya kwanza mwalimu aliponiachia usukani mpaka chini, nilitua mara tatu katika jaribio moja. Tukagonga, tukaruka, tukagonga, tukaruka, tukagonga tena ndipo ndege ikakubali kukaa. Mwalimu hakusema neno mpaka tulipotoka kwenye njia ya kurukia na kusimama. Ndipo akaniuliza, "Ulikuwa unatazama wapi, kijana?"

"Chini, mwalimu. Nilitaka nione ardhi inavyokuja."

"Ukaiona?"

Niliiona vizuri sana. Shida ilikuwa hapohapo, ingawa ilinichukua wiki kadhaa kuielewa.

Haya nayaandika kwa ajili ya mwanafunzi aliyefika hatua ile ya kukera: kupaa unaweza, kuzunguka uwanja bila kupoteza urefu unaweza, redio haikutishi tena, lakini sekunde kumi za mwisho ni bahati nasibu. Kukufundisha kuruka ni kazi ya mwalimu wako. Mimi nitakueleza tu macho yangu yalikuwa yanakosea wapi.

Anza na kiti. Nililidharau sana jambo hili. Unachokiona kupitia kioo cha mbele kinategemea macho yako yako juu kiasi gani, kwa hiyo ukikaa chini leo na juu kesho, kila siku unajifunza ndege mpya. Mimi nilikuwa napanda, nasogeza kiti mpaka miguu ifike kwenye pedali, basi. Siku nilipoanza kupima nafasi kati ya utosi wangu na dari kwa vidole vinne vilivyolala, kutua kwangu kulianza kufanana. Kulikuwa kubaya bado, lakini kubaya kwa namna ileile, na kosa linalojirudia angalau mwalimu anaweza kulishika.

Halafu kuna zawadi ambayo wanafunzi wengi wanaipita. Unapoingia kwenye njia tayari kupaa, usikimbilie kuongeza moto, yaani nguvu ya injini. Tazama kwa sekunde tatu: kingo za njia zinakata kioo wapi, mwisho wa njia unaonekanaje juu ya pua, nyasi za pembeni zina ukubwa gani. Macho yako hapo yako karibu kabisa na urefu yatakaokuwa nao magurudumu yatakapogusa. Umeonyeshwa jibu kabla ya mtihani.

Ukirudi, na ukiwa bado mbali kwenye mteremko wa mwisho, tafuta kitu kisichosogea. Chagua alama, tuseme zile namba kubwa zilizochorwa mwanzoni mwa njia. Zikipanda kwenye kioo, utafika pungufu. Zikishuka na kutaka kujificha chini ya pua, utazipita. Zikiganda palepale huku zikikua tu, huko ndiko unakoelekea, japo magurudumu yatagusa mbele kidogo ya hapo. Penye zile taa nne za pembeni mwa njia zinazomwonyesha rubani kama yuko juu au chini mno, mbili nyeupe na mbili nyekundu maana yake uko kwenye mteremko wake, kwa kawaida nyuzi 3, ambao ni kama futi 300 kwa kila maili ya baharini. Nyekundu zote nne, uko chini mno. Kisia kwanza mwenyewe, kisha ndipo uziangalie. Ukizoea kuziangalia kwanza, siku ukienda pasipo na taa utajikuta huna kipimo.

Somo lililonibadilisha lilikuwa la karatasi. Mwalimu aliitoa mfukoni tukiwa angani, akaibandika juu ya kipima mwendo. Nilihisi kama nimefungwa kitambaa usoni. Akaniambia niweke pua mahali pake pa siku zote, injini kwenye mizunguko ileile niliyoizoea, halafu nisikilize. Kwa kweli nilikuwa sijawahi kusikiliza. Hewa inayopita juu ya ndege ina sauti, na kasi ikipungua sauti hiyo inafifia. Usukani nao unalegea mkononi. Unausogeza sana, ndege inaitikia kidogo, kama mtu anayekoroga maji. Kasi ikizidi, sauti inapanda, usukani unakuwa mgumu, ukiugusa tu ndege inashtuka. Tulipokaribia uwanja nikasema, "Sitini na tano, mwalimu." Akainua ncha ya karatasi: noti 67, yaani maili 67 za baharini kwa saa.

Wapo wanaoona zoezi hili ni mbwembwe. Mwaka 1996 Boeing 757 iliyokuwa imetoka tu Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, ilianguka baharini baada ya kipima mwendo cha rubani kusoma uongo, na watu wote 189 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi walishuku kwamba nyigu wa udongo walikuwa wamejenga ndani ya mrija unaopima mwendo wa hewa. Ndege yetu ndogo nayo ina mrija kama huo, na nyigu hawachagui.

Kasi yenyewe ni jambo la kushikilia bila huruma. Kwa ndege ndogo nyingi tunateremka kwa takriban mara 1.3 ya ile kasi ambayo mabawa yanashindwa kubeba. Kwenye Cessna 172 hiyo ni kama noti 65. Wanafunzi huongeza tano "za usalama", halafu tano nyingine za hofu. Kasi ikizidi kwa asilimia 10, nishati unayotakiwa kuimaliza inazidi kwa asilimia 21. Na karibu na ardhi, ukiwa chini ya urefu unaolingana na upana wa mabawa kutoka ncha hadi ncha, mita 11 kwa ndege hiyo, hewa inaibeba ndege kirahisi zaidi. Kwa hiyo unaelea, unaelea, njia inaisha, na wewe unaanza kuisukuma pua ishuke. Usiisukume kamwe. Gurudumu la pua halikutengenezwa kupokea uzito wa kutua.

Sasa zile sekunde kumi. Ukitazama karibu, ardhi inakuwa ukungu wa mistari unaokimbia, ubongo unapiga kelele kwamba mnaanguka, na mkono unavuta kwa ghafla. Ndege inapanda, kasi inakwisha, inadondoka. Ndivyo nilivyotua mara tatu. Ukikodoa macho mbali kupita kiasi nako ni kosa, maana huoni tena unavyoshuka, unajibu kwa kuchelewa. Nilichofundishwa ni kwamba namba zikishapita chini ya pua, niinue macho taratibu kuelekea mwisho wa njia, lakini nisiyagandishe pale. Ncha za macho ndizo zinazopima urefu. Kuna mahali, futi kumi hadi ishirini juu, ambapo njia inaacha kukua na kuanza kufunguka, kingo zinatanuka pande zote mbili na kupanda kuelekea mabegani. Hapo unaanza kuvuta, kidogo kidogo, kwa kiasi kilekile ambacho ndege inataka kushuka.

Hilo sikulielewa kwa kuelezwa. Tulienda kwenye njia ndefu, mwalimu akashika nguvu ya injini, mimi nikashika usukani, na kazi yangu ilikuwa kuruka urefu wote wa njia futi chache tu juu yake bila kugusa. Mara ya kwanza nilipanda na kushuka kama jahazi kwenye mawimbi. Mara ya nne nilianza kuhisi kwenye makalio, samahani kwa neno hilo, kabla macho hayajaniambia: kiti kinapungua uzito kidogo, basi tunashuka, mkono unavuta unene wa kidole. Alipopunguza moto wote bila kuniambia, niliendelea kufanya vilevile, nikijaribu kuizuia isiguse. King'ora cha kuonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kubeba kikaanza kulia. Kwenye Cessna hizi ni hewa tu inayovutwa kupitia kibamba chembamba, kama kinanda cha mdomo. Magurudumu ya nyuma yakagusa wakati bado nahangaika kuyazuia. Kama mwalimu wako hajawahi kukufanyisha zoezi hili, mwombe.

Kosa moja dogo lililonisumbua muda mrefu ni kugusa pua ikiwa imeelekea kushoto. Unapokaa kiti cha kushoto, unashawishika kudhani kwamba katikati ya kifuniko cha injini ndiyo mbele, na hivyo unaipindisha ndege ili katikati hiyo ikae juu ya mstari. Mbele yako ni pale panapoelekeana na macho yako, moja kwa moja. Weka alama ndogo ya kalamu inayofutika kwenye kioo ukiwa umesimama sambamba na mstari, utashangaa ilivyo mbali na ulipodhani. Upepo wa ubavuni ni habari ndefu inayohitaji makala yake, ila hata huko macho yakikosea hapa, miguu itakosea pia.

Na ukidunda? Ukidunda kidogo, shikilia pua ilipo, acha itue tena. Ukidunda juu, moto wote, paa, zunguka uje upya. Usiifukuze pua chini. Niliwahi kuona aibu kughairi kutua mara mbili mfululizo mbele ya wenzangu. Mmoja wao baadaye aliniambia hakuna aliyekuwa anatazama.

Nilipodhani nimeshajua, nilipelekwa uwanja wenye njia ya upana wa mita 45. Mimi nilikuwa nimekulia kwenye njia ya mita 18. Njia pana inakudanganya kwamba uko chini kuliko ulivyo, kwa sababu kingo zinatanuka mapema. Nilivuta pua tukiwa bado juu, ndege ikasimama hewani ikisita, na mwalimu akaongeza moto kabla haijadondoka. Nyembamba inadanganya kinyume chake: unajiona uko juu, unateremka mno. Siku hizi upana wa njia ninakokwenda nausoma kabla sijawasha injini, na kama ni pana, nikiingia kwenye mteremko najiambia kwa sauti, "Hii itafunguka mapema."