Kabla ya kukubali kuwa gesi imeisha

Friza ikikataa kugandisha, neno la mwanzo utakalolisikia kwa mafundi wetu ni "gesi imeisha." Mimi hapa Wete, Pemba, baada ya kuifungua friza yangu na za majirani kadhaa, dhana hiyo naiweka mwisho kabisa. Gesi ya friza si kama ya jikoni, haitumiki ikamalizika. Inazunguka ndani ya mabomba yale yale miaka yote. Ikipungua, pana tundu, na anayejaza bila ya kulitafuta tundu atarudi tena na wewe utalipa tena.

Anza kwa kusikiliza. Kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi, ikitetemeka kidogo, ikatoa "tik" na kunyamaza, kisha ikarudia baada ya muda, huo mlio ni ovalodi, kile kikinga chake, inakata umeme kuinusuru. Kwetu wa kushukiwa kwanza ni umeme wenyewe. Magharibi ikiingia, kila nyumba ina taa, feni na pasi, umeme unashuka, na friza iliyokuwa nzima mchana inashindwa kuanza. Pima soketi kwa mita pale friza inapojaribu kuwaka, si ikiwa imetulia. Isome karibu na volti 230. Ikiporomoka sana, achana na ekstensheni nyembamba, chomeka ukutani moja kwa moja, upime tena.

Umeme mzuri na tik haijakoma? Chomoa plagi; kuzima swichi hakutoshi. Ubavuni mwa kompresa pana kifuniko kidogo, na ndani yake mna rilei (swichi ya kuianzisha kompresa) na ovalodi. Ukiona na kapasita, usiguse ncha zake, kwani huhifadhi umeme hata plagi ikiwa nje. Rilei nyingi za siku hizi ukizitoa na kuzitikisa hazitakiwi kulia. Ikilia kama ina changarawe ndani, imevunjika. Nunua ya aina ile ile. Bei yake ni ndogo mno mbele ya kompresa.

Ukishaitoa rilei utaziona pini tatu za kompresa. Pima omu, yaani ukinzani wa umeme, baina ya kila mbili: vipimo viwili vidogo ukivijumlisha vikaribiane na kile kikubwa. Pini yoyote ikisoma na chuma cha kompresa, waya za ndani zimegusa bodi, basi usiiwashe tena.

Watu huogopa mbavu za friza ya kulala zikiwa moto. Nyingi zina mabomba ya kutolea joto humo humo ukutani, kwa hiyo joto ni dalili njema. Mimi huogopa kompresa inanguruma na mbavu zi baridi. Hapo ndipo nalikubali la gesi, au kompresa imechoka kusukuma. Tundu lenyewe mara nyingi limetobolewa kwa kisu na mtu aliyekuwa anabandua pweza aliyeganda (na kila nyumba inaye mtu huyo, ati kwa haraka ya futari). Tafuta ute wa mafuta kwenye mabomba. Hiyo sasa ni kazi ya fundi, lakini soma kibandiko kwanza: kikisema R600a, gesi hiyo inawaka moto, asichomelee bila kuitoa yote nje penye hewa.

Mpira wa mlango jaribu kwa karatasi: ibane, uivute, ikichomoka kirahisi, baridi nayo inatoka hapo hapo. Na umeme ukikatika ukarudi, usichomeke mpaka zipite dakika tano hivi, gesi itulie ndani.