Kabla ya kuita watu wajadili mji, amua viti atalipa nani

Vijana wanaosomea ujenzi na usanifu hapa Lubumbashi hunijia na ombi lilelile: wanataka kuanzisha taasisi huru ya kuzungumzia majengo na mipango ya mji, waanzie wapi? Wanakuja na rasimu ya katiba, nembo na orodha ya wafadhili. Nawaambia wayaweke kando kwanza. Kikundi chetu kimeendesha mazungumzo ya namna hiyo kwa miaka kadhaa, Katuba, Ruashi, Kenya (komini, yaani sehemu ya mji yenye utawala wake, si nchi), na nilichokiona ni kwamba watu hawausomi uhuru wa taasisi kwenye karatasi zake. Wanauona siku ya mkutano: nani amekodi viti, nani amekaa meza ya mbele, nani amepewa neno la kwanza.

Muuzaji wa viwanja akijitolea kulipia hema, viti na vinywaji vya wote, mkataeni kwa adabu. Siku hiyo hatadai kitu. Lakini bango lake likining'inia nyuma ya msemaji, mama ambaye njia ya maji ya mvua imezibwa mbele ya nyumba yake hatafungua mdomo. Sisi tunachangishana na kuazima mabenchi ya parokia. Pesa za nauli nazo tuliacha kutoa. Watu walipungua, tena sana, ila waliobaki ni wale ambao jambo linawahusu, na hao hawaangalii saa.

Msikimbilie ukumbi wa hoteli. Huko New York kuna taasisi ndogo, Storefront for Art and Architecture, iliyoanzishwa 1982. Mwaka 1993 msanii Vito Acconci na msanifu Steven Holl waliitengenezea ukuta wa mbele wenye vipande kumi na viwili vinavyozunguka, hivi kwamba vikifunguliwa, mjadala wa ndani unatoka hadi njiani na mpita njia anajikuta yumo. Paris kuna Pavillon de l'Arsenal, iliyofunguliwa 1988, nzuri pia, ila iliundwa na mji wenyewe. Kwa hali yetu naifuata ile ya kwanza, ya New York, na tena kwa gharama ndogo zaidi: kaeni nje, palepale penye jambo. Kama mnajadili soko, kaeni sokoni saa za jioni. Epukeni tu miezi ya mvua, Novemba hadi Machi, la sivyo mtamaliza mkutano chini ya baraza la duka.

Mada rahisi ya kuanzia hapa kwetu ni umbo la mji. Wabelgiji waliuanzisha 1910, reli kutoka Rhodesia ikafika mwaka huohuo, na barabara za katikati zikachorwa mraba kwa mraba. Kisha ukaachwa ukanda mtupu kati ya mji wa wazungu na makazi ya Waafrika, kwa kisingizio cha malaria na umbali anaoweza kuruka mbu. Kamalondo ilikuwa ng'ambo ya ukanda huo. Sammy Baloji, msanii wa hapahapa, amewahi kuonyesha picha za mji zilizopigwa kutoka angani kando ya picha za wadudu, na Picha, kituo alichoshiriki kukianzisha, kimekuwa kikiandaa maonyesho makubwa ya sanaa mjini tangu 2008. Hao wamewatangulia. Wasikilizeni kabla ya kujiita wa kwanza. Halafu tokeni mtembee: vukeni ukanda huo pamoja na wazee wa Kamalondo, wao waseme, ninyi mwandike. Msanifu anayemkatiza mzee ili amsahihishe mwaka, mwacheni nyumbani safari ijayo.

Sasa ramani, na hapa sitaki kufupisha. Projekta achaneni nayo. Umeme ukikatika mmekwisha. Chapisheni picha kubwa ya mtaa iliyopigwa kutoka juu, ile ya kutandika chini, watu waizunguke. Kwa nusu saa hakuna atakayejadili chochote. Kila mtu anatafuta bati lake. Vijana hukosa subira hapo na kuanza kuhutubia; wazuieni. Mtu akishaiona nyumba yake, ndipo anaanza kuona ya jirani, kisha njia, kisha mtaro. Wapeni kamba za rangi: ya buluu kwa maji yanakopita mwezi wa kwanza, nyekundu kwa mahali wasikopita usiku. Waalikeni pia mafundi wanaochoma matofali. Matofali mengi ya mji huu yametokana na udongo wa vichuguu, na fundi atakuonyesha ni wapi vimechimbwa yakabaki mashimo yanayojaa maji. Kwenye michoro mingi mashimo hayo hayamo.

Jambo moja litawavuruga kila mara: hati za viwanja. Mtasema habari za miti na barabara, mtu atasimama kuuliza kwa nini kiwanja chake kimeuzwa mara mbili. Ana haki ya kuuliza. Kwa sheria ya 20 Julai 1973 ardhi ni mali ya dola, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Watu wengi wanalijua hilo siku wanapobomolewa. Tunachofanya sisi ni kuweka meza ya pembeni yenye mwanasheria mmoja, aliyekubali kuja bure, na mjadala mkuu unaendelea.

Kuhusu wakuu: Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 26, inawataka waandaaji wa maandamano au kusanyiko la hadharani kuarifu mamlaka kwa maandishi. Kuarifu, si kupiga magoti. Pelekeni barua mapema, na mwalikeni bugumesta, yaani mkuu wa komini, pamoja na shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, kwa heshima zote. Mpeni bugumesta kiti kizuri, lakini neno lake liwe la mwisho. Akifungua yeye, wananchi watamjibu yeye badala ya kusemezana. Wapo wanaokasirika wakaondoka. Mmoja alirudi mkutano uliofuata na daftari.

Mkimaliza, andikeni ukurasa mmoja, Kiswahili upande mmoja, Kifaransa upande wa pili, msiahidi mtu chochote. Pale mradi unapogusa mazingira, tajeni sheria ya 2011 inayotaka wananchi waulizwe kwanza. Pelekeni kwenye komini, kwenye ofisi ya mipango miji na kadastri (ofisi ya kumbukumbu za viwanja), na msiondoke bila muhuri wa kupokea kwenye nakala yenu. Barua isipojibiwa, pelekeni ya pili ikiwa imeambatishwa na ya kwanza, na nakala ibandikwe kwenye ukuta wa duka lililo karibu na pale mlipokaa, mwenye duka akikubali.