Jibu: Kusasisha pekee hakutoshi tovuti ikishavamiwa

Ndugu, umeuliza kama kusasisha WordPress, programu inayoendesha tovuti, kunatosha baada ya tovuti ya chama chenu cha wafuga nyuki hapo Tabora kuanza kuwapeleka wasomaji kwenye kurasa za kamari. Hakutoshi, kwa kuwa toleo jipya huziba tundu aliloingilia mvamizi, lakini halimwondoi yeye wala mafaili aliyoyaacha ndani.

Waangalizi wa Drupal, programu nyingine ya kuendeshea tovuti, walilieleza jambo hili waziwazi mwaka 2014. Kasoro iliyoruhusu kupenyeza amri za SQL, lugha ya kuendeshea hifadhidata, ilitangazwa tarehe 15 Oktoba, na wiki mbili baadaye wakaonya kwamba tovuti yoyote ya Drupal 7 ambayo haikusasishwa ndani ya muda wa saa 7 tangu tangazo ichukuliwe kuwa imeshavamiwa. Kwa saa zetu, muda huo uliisha saa nane usiku, wakati msimamizi wa tovuti aliyeko Tabora amelala fofofo.

Rejesheni nakala ya akiba ya kabla ya uvamizi, kisha msasishe kila kitu kabla ya kuirudisha hewani. Kama hamna nakala hiyo, pakueni upya WordPress na programu-jalizi (plugin, yaani vipande vya kuiongezea tovuti uwezo) zote, mkague folda ya picha, ambamo faili la PHP, yaani la msimbo wa programu, kwa kawaida halina kazi halali, mfute wasimamizi msiowatambua na kubadilisha nywila zote, pamoja na ya hifadhidata. Programu-jalizi ya kulipia iliyopatikana bure kwa njia za panya, kama ipo, ndiyo ningeishuku kwanza.