Spana za kuanzia kwa Land Cruiser hardtop

Kaka, umeuliza kama ununue lile kasha la vipande 200 ili uhudumie hardtop yako nyumbani. Usinunue, vingi hutavigusa kabisa. Toyota inadai saizi chache tu: 10, 12, 14, 17, 19 na 22, zote za milimita. Chukua spana zenye mdomo huku na pete kule, soketi zake, racheti ya nusu inchi na mkono mrefu wa nati zilizokaza. Ongeza 21 ya nati za tairi na 24 ya plagi za difu, yaani vizibo vya oili kwenye boksi la gia la katikati ya ekseli.

Hapo kwenye difu tafadhali sikiliza: legeza kwanza plagi ya juu, ya kujazia. Ukimwaga oili yote halafu ya juu ikagoma, gari halitoki hapo.

Soketi ziwe za pembe sita. Za pembe kumi na mbili huwahi kula kichwa cha bolti, na bolti za chini ya gari letu zimekaa na tope na kutu miaka. Mimi bolti moja ya propela shafti, ule mhimili unaozungusha difu, ilinimaliza siku nzima na tindo.

Pampu ya grisi ni lazima, hasa ukishavuka maji. Soketi ya 54 ya habu za mbele (vitovu vya magurudumu) isubiri siku ya kufungua bearing.

Na kabla ya vyote hivyo, stendi mbili imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.