Maswali yenu: Mradi umeondoka, uzazi wa mpango na mikoko tumwachie nani?

Wasomaji wangu hamjambo. Mwezi huu meseji nyingi zimetoka hukuhuku kwetu mwambao wa Tanga, kuanzia Pangani mpaka Mkinga, na karibu zote zinazunguka jambo moja, uzazi wa mpango na utunzaji wa bahari na mikoko kwenda pamoja, ambalo mimi nimelishika miaka yangu yote ya unesi kwenye zahanati za pwani, kwaiyo nimeamua safu nzima iwe yake. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu mana muulizaji amegusa penyewe.

Shikamoo shangazi. Mimi nipo kijiji kimoja wilaya ya Pangani, nina watoto wanne, nalima mwani na ni mweka hazina wa kikundi chetu. Zamani kulikua na mradi hapa, ulikua unachanganya mambo, yaani huyohuyo anaekufundisha kupanda mikoko na kujenga jiko banifu ndo anakuelimisha uzazi wa mpango na vidonge na kondomu unavipata palepale kijijini huna haja ya kufunga safari. Mradi ukaisha. Dada alokua anatugawia vidonge akarudi shambani kwake, mikoko tulopanda watu wanakata kuni, na mimi vijiti vyangu, vile vya kuzuia mimba vinavyowekwa mkononi, vilipoisha muda nikaenda zahanati mara tatu, mara vifaa hakuna, mara anaeweza kuvitoa na kuweka vingine yupo semina, mwisho nikapata mimba ya huyu wa nne, nampenda sana lakini sikua nimempanga. Juzi nimesimama mkutanoni nikauliza kijiji kinafanya nini, mtendaji akanijibu hayo ni mambo ya mradi, sisi hatuna bajeti. Shangazi, kijiji kinaweza kweli kubeba hivi vitu au tusubiri wafadhili warudi? Mama wa Wanne, Pangani.

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kusimama, mana najua kwetu mwanamke akisimama kuongelea vijiti mbele ya wazee watu wanavyoguna. Kijiji kinaweza, na mtendaji hajakujibu sawa. Uzazi wa mpango sio kitu cha mradi, ni huduma ya serikali na kwenye vituo vya serikali inatolewa bure. Mikoko nayo ni msitu wa hifadhi kisheria, mradi uwepo usiwepo. Kilichokua cha mradi ni baiskeli, posho, na ile akili ya kuviweka vitu hivi kwenye kapu moja. Baiskeli na posho vimeondoka, lakini ile akili mmeachiwa nyinyi, wewe mwenyewe umeieleza hapo juu vizuri kuliko ripoti.

Na hii ya miradi kuondoka sio mara ya kwanza kwetu. Mkoa wa Tanga tulikua na programu kubwa ya hifadhi ya pwani iliyoanza 1994 ikaisha 2007, vijiji vikafunga uvuvi kwenye baadhi ya miamba na kupiga doria vyenyewe. Af ukaja mradi wa BALANCED kwenye vijiji vya Pangani na Bagamoyo vinavyoizunguka Hifadhi ya Saadani, huo ndo ulounganisha uzazi wa mpango, afya na mazingira, ukaisha 2013. Yote ilikua na mambo mazuri na yote ilikua na tarehe ya kufunga. Halmashauri ya kijiji haina tarehe ya kufunga, ndo mana nasema kazi iwekwe pale.

Mtu akikuuliza vijiti na mikoko vinahusiana nini, mpeleke ufukweni bamvua, zile siku maji yanapotoka mbali. Atamuona mwanamke mwenye mimba ya miezi saba na mtoto mgongoni anainama kufunga kamba za mwani maji yamemfika magotini, mwezi ujao hataweza tena, na hela ya mwani ndo ilokua inanunua dawa na daftari. Kuni ataenda kuzitafuta wapi, si hapo karibu kwenye mikoko, na moshi wake jikoni ndo unamkohoza yule mtoto mpaka analetwa zahanati na kichomi. Mikoko ikiisha kambamiti na samaki wachanga hawana pa kukulia na bahari inaanza kula viwanja vyetu. Sasa mtu anakuja kukwambia hii ni idara ya afya, ile ni idara ya maliasili, ile ya maendeleo ya jamii, wakati kwa huyu mama yote yanatokea siku moja ndani ya nyumba moja!

Ila nisisikie mtu anasema samaki wameisha kwa sababu wanawake wanazaa. Sensa ya 2012 ilituhesabu Tanga watu milioni 2 na elfu 45, ya 2022 ikatuhesabu milioni 2.6, bahari ni ileile, hilo ni kweli tulikubali. Lakini baruti zilizovunja matumbawe hazikupigwa na mama wa watoto wanne, wala kokoro, ule wavu wa kukokota, sio yeye anaevuta. Mwanamke anapanga uzazi kwa ajili ya mwili wake na wanawe kwanza, bahari ikifaidika ni heri juu ya heri. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha wanawake walio kwenye ndoa wanaotumia njia za kisasa ni asilimia 31 tu, na wengi wa walobaki ninaowajua mimi hawajakataa, wameenda zahanati mara tatu kama wewe wakachoka.

Sasa fanya hivi. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu na wewe kama mkazi mtu mzima una haki ya kusema na kupiga kura. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 mpaka 25 na angalau robo yao ni wanawake, kaa na hao wanawake kabla ya mkutano, sio siku ileile, na mtafute mjumbe wa kamati ya huduma za jamii muwe nae. Uangalie na majira, mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai lakini mipango inapikwa miezi mingi nyuma, vipaumbele vya kijiji vinatakiwa viwe vimeshaibuliwa kabla mwaka wa kalenda haujaisha, vipelekwe kamati ya maendeleo ya kata, ndo viende wilayani kwa madiwani. Ukija kuomba mwezi wa tano unakuta chungu kimeshaepuliwa.

Na usiombe "mradi jumuishi wa afya na mazingira", hilo jina litawatisha wataona mamilioni. Omba kitu kidogo kinachohesabika. Huduma ya mkoba, yaani nesi mwenye ujuzi wa vijiti na vitanzi vya kizazini aje kijijini mara moja kila miezi mitatu, na aje siku ya kupima mwani mana siku hiyo wanawake wote wapo pale. Gharama yake ni mafuta ya pikipiki na chakula cha mchana. Hiyo hata kijiji kikisema hakina, zahanati ina kamati yake ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, na toka mwaka wa fedha 2017/18 zahanati zinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao na kupanga matumizi, kwaiyo muwabane wawakilishi wenu wahakikishe safari hizo zimo kwenye mpango wa zahanati. Siku hiyohiyo ya mkoba kikundi chenu kitenge saa moja ya kupanda mikoko sehemu ilokatwa, hiyo haihitaji senti, mbegu za mkoko zinaanguka zenyewe chini ya mama yao, unachomeka tu kwenye tope.

Yule dada wa vidonge msimwache shambani. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, nafasi zikifika kijijini kwenu na sifa anazo, jina lake lisemwe mkutanoni kwa sauti. Na kikundi chenu kama kimesajiliwa kiombe ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya, wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, hauna riba, ulisitishwa 2023 ukarudi 2024. Mkiupata kwa ajili ya mwani mtakua na nguvu hata ya kusikilizwa, nimeona hivo kwa macho, kikundi chenye hela benki mtendaji anakipa kiti.

Na wewe mwenyewe usisubiri huo mkoba. Mtoto akiwa chini ya miezi sita, unamnyonyesha maziwa yako tu usiku na mchana na hedhi haijarudi, hapo una kinga nzuri, lakini kimoja kati ya hivyo kikivunjika kinga imeondoka, nenda zahanati kabla.

Shangazi shikamoo, mimi mvuvi wa Kigombe, huwa naenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, hata miezi miwili. Nimerudi nakuta mke wangu ameweka vijiti na tulikubaliana, lakini anatoka damu mara kwa mara kidogokidogo, na diko, pale tunaposhushia samaki, wananiambia hiyo damu nyingine inaganda ndani inakua uvimbe na hatozaa tena. Af juzi kwenye kikao cha BMU, kikundi chetu cha kulinda uvuvi ufukweni, wakatuletea nesi aongee uzazi wa mpango, sisi tulijua tunaongelea doria. Hivi BMU na kizazi cha mke wangu wapi na wapi? Baba Mwajuma.

Marahaba baba. Nimefurahi umeuliza wewe mwanaume. Damu kidogokidogo isiyo na mpangilio miezi ya mwanzo ni jambo la kawaida kwa vijiti, na wengine hedhi inakata kabisa, haigandi popote wala haigeuki uvimbe, ukuta wa kizazi unakua mwembamba tu kwaiyo hakuna cha kutoka. Vikimsumbua vinatolewa siku yoyote hata kama muda haujaisha, na uwezo wa kushika mimba unarudi upesi. Ila akitoka damu nyingi ya kulowanisha nguo, akapata kizunguzungu au maumivu makali ya tumbo, hapo msingoje, mpeleke hospitali. Na nenda nae zahanati mara moja, ukae kiti cha pembeni usikie kwa masikio yako usiletewe na diko.

Wengine diko watakwambia dini haitaki. Mimi sio shehe, lakini sote tumesomeshwa Baqara aya ya 233 inayowataja kina mama kunyonyesha miaka miwili kamili, na Shirika la Afya Duniani linashauri baada ya kujifungua ipite angalau miezi 24 kabla ya kubeba mimba nyingine. Kamuulize shehe wako juu ya njia yenyewe, juu ya nafasi sidhani kama mtagombana.

Kuhusu BMU, nesi amekuja kwenye kikao kwa sababu nyie zahanati hamji! Zahanati ikiwa wazi mpo baharini, ikifungwa ndo mnarudi, nimefanya kazi hiyo miaka na miaka na wavuvi nilowaona ni wale walochomwa na miiba ya samaki. Kikao cha BMU ndo mahali pekee mnapokaa wanaume arobaini mmetulia. Siku nyingine mwambieni aje na kipimo cha presha.

Shangazi, hapa kwetu Mkinga akina mama wanatanda uduvi, wale kamba wadogowadogo, kwa vyandarua vya zahanati, mimi kijana wa mazingira nataka niripoti, nianzie wapi? Kijana wa Moa.

Mwanangu taratibu. Kisheria ni kosa, Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake zinakataza nyavu za macho madogo, na chandarua kinabeba kila kichanga cha samaki, af dawa iliyopakwa humo inadhuru viumbe vya majini, na nyumbani watoto wanalala bila neti wanaugua malaria. Kwaiyo hasara ni mbilimbili. Lakini ukianza na polisi utawakimbiza usiku na hutawaona tena. Nenda na nesi na kiongozi wa BMU mkae nao, muulize nani ana neti chakavu na nani mpya, mpya irudi kitandani, na muwasikilize watakula nini jioni hiyo, mana mimi sijawahi kumuona mama anatanda uduvi kwa kupenda. Hao ndo wa kwanza kuingizwa kwenye kikundi cha mwani. Anaekataa baada ya hapo, BMU wana utaratibu wao.

Shangazi, mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Tunataka kufunga mwamba mmoja wa pweza tuone kama watakua wakubwa. Na tukifanya mkutano tuingize na la afya au tutawachanganya watu? Mjumbe.

Ingizeni. Pweza anakua haraka sana, maisha yake yote ni mwaka mmoja au miwili, ndo mana kufunga miezi miwili mitatu inatosha mtu kuona tofauti kwa macho, matumbawe yangemchosha kusubiri. Wenzetu wa Andavadoaka kule Madagaska walianza kufunga pweza 2004, na kufika 2007 shirika la Blue Ventures lililokua linafanya nao kazi likaongeza huduma ya uzazi wa mpango palepale, mana kijiji kilichokaa kuongelea pweza kilikua na shida ya kliniki pia.

Fuateni sheria tu. Mwiteni afisa uvuvi wa wilaya mapema, halmashauri ya kijiji iandike sheria ndogo, mkutano mkuu uipitishe, af iende baraza la madiwani kuidhinishwa, bila hivo mtu wa kijiji cha jirani atavua na hamna cha kumfanya. Wanawake wanaochokoa pweza kwa miguu waulizwe kwanza mwamba gani ufungwe, mkifunga ule wa karibu ambao ndo wao wanaufikia na wanaume wenye ngalawa wakabaki na ya mbali, mtakua mmewafungia wao riziki. Na mkutano uitwe maji mafu, siku ambazo bahari haitoki mbali, bamvua kila mtu yupo mwambani.