Wakazi wa mitaa duni hawaji kwenye mikutano yetu ya tabianchi. Tuanze na uhamasishaji?

Swali: Ninafanya kazi katika idara ya mipango ya halmashauri ya jiji. Tunaandaa mpango wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, na tumeitisha mikutano ya hadhara kupokea maoni. Wakazi wa mitaa ya kipato cha chini, ambao ndio wanaoumizwa zaidi na joto na mafuriko, hawaonekani. Wanaokuja ni wale wale kila mara. Wenzangu wanasema tatizo ni elimu, kwa hiyo tuanze na kampeni ya uhamasishaji. Unashauri nini?

Jibu: Fedha za kampeni ziwekeni kando kwanza. Mtu ambaye chumba chake huingia maji kila mvua kubwa inaponyesha hahitaji kufundishwa mafuriko ni nini. Anajua yanaanzia wapi, mtaro gani umeziba na nani alijenga juu yake. Asichokijua ni kama mtamsikiliza, na mara nyingi ana sababu nzuri ya kukisia kwamba hamtamsikiliza.

Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein alieleza ushiriki wa wananchi kama ngazi yenye vidato 8. Kupewa taarifa ni kidato cha 3, kuulizwa maoni ni cha 4. Madaraka ya kweli huanza kidato cha 6, pale wakazi na serikali wanapoamua kwa ubia. Mkutano wa hadhara wenye rasimu iliyokwisha kuandikwa haupiti kidato cha 4. Anayeishi kwa kibarua cha siku akipima hasara ya kuacha kazi kuja kusikiliza rasimu yenu, jibu analipata haraka. Basi fanyeni mikutano jioni au siku za mapumziko, huko huko mtaani, pawe na mtu wa kuangalia watoto, na walipeni wanaotoa muda wao kwa kazi ya kitaalamu kama kupima kina cha maji au kuhesabu kaya. Mshauri wenu analipwa, sioni kwa nini wao wafanye bure.

Ila kuna kizuizi kikubwa kuliko muda, nacho ni hofu ya kuhamishwa. Kwa asiye na hati ya ardhi, ramani ya maeneo hatarishi inaweza kugeuka ramani ya bomoabomoa. Akiona watu wa halmashauri wanapiga picha kando ya mto, ananyamaza, na mimi singemlaumu. Kabla ya kukusanya takwimu hata moja, pateni msimamo wa maandishi kutoka kwa viongozi wenu: takwimu hizi zitatumika kwa nini, zitakaa kwa nani, na ikilazimu kaya kuhama, masharti yatakuwa yapi. Mkishindwa kuupata msimamo huo, waambieni wakazi hivyo hivyo.

Inawezekana kufanya tofauti. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi kuchora mitaro, njia na nyumba katika kata zinazofurika, na ramani zikawekwa wazi kwa yeyote kuzitumia. Nairobi, serikali ya kaunti iliutangaza mtaa duni wa Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo linalopangiwa kwa utaratibu wake lenyewe, mwaka 2017, baada ya wakazi, wakiwa na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa duni, kukusanya takwimu zao wenyewe. Waliingia kwenye mazungumzo wakiwa na ushahidi kwamba wanalipia maji ghali kuliko mitaa yenye uwezo. Angalia pia mlango walioingilia: maji, ardhi, mitaro, afya. Hewa ukaa haikuwa neno la kwanza, wala sioni haki ya kumwanzia nalo mtu anayechafua anga kidogo kuliko wote.

Kwa hiyo anzeni na vikundi vilivyopo: vya kuweka na kukopa, vya kuzikana, vya waokota taka, vya dini. Kuunda kamati mpya ya tabianchi ni kuwapa wale wale viti vipya. Wapangaji wasikilizeni peke yao, mbali na wenye nyumba. Paa likipakwa rangi nyeupe ili kupunguza joto, au mtaro ukijengwa, kodi inaweza kupanda na aliyekusudiwa kusaidiwa akahama. Ruzuku kwa mwenye nyumba iambatane na mkataba wa kutopandisha kodi kwa muda mliokubaliana.

Kisha kuna fedha. Porto Alegre, Brazili, ilianza bajeti shirikishi mwaka 1989, wakazi wakiamua vipaumbele vya uwekezaji wa jiji. Ninyi si lazima mfike huko mwaka huu. Tengeni fungu dogo ambalo wakazi wataligawa wenyewe, na kazi ya kwanza ionekane kabla ya msimu ujao wa mvua. Mtaro mmoja uliozibuliwa kwa uamuzi wao utawaletea watu wengi kuliko mabango.

Joto lisisahaulike, maana haliachi matope ya kupigwa picha. Mei 2010 Ahmedabad, India, ilipata vifo zaidi ya 1,300 juu ya idadi ya kawaida kwa wimbi la joto, na mwaka 2013 jiji likaanzisha mpango wa tahadhari ya joto. Mpango wa aina hiyo hutegemea mtu wa kubisha hodi kwa mzee anayeishi peke yake, na anayejua mlango huo ni jirani.

Katika taarifa yenu msiandike idadi ya waliohudhuria pekee. Andikeni ni vifungu vipi vya rasimu vilibadilika kwa sababu ya walichosema, vipi vilikataliwa na kwa nini, kisha rudini mtaani mkawasomee ndani ya wiki chache. Kama hakuna kifungu kilichobadilika, msiitishe mkutano mwingine kabla ya kujua sababu.