Kama ni kusubiri, subiri ukiwa kwenye foleni

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: ni ushauri gani ulipewa kwa nia njema, ukaufuata, na leo unaujutia? Wangu ulikuwa wa neno moja. Subiri.

Nilipewa na mama mkwe, jikoni kwake kule Molo, kijana wangu alipokuwa na miaka miwili na miezi minane. Hakuwa akisema neno lolote. Akitaka maji alinishika kifundo cha mkono akanivuta hadi kwenye mtungi, bila kunitazama usoni, kana kwamba anayemjua ni mkono wangu tu. Mama akasema, "Watoto wa kiume huchelewa. Hata baba yake alikaa hivyo hivyo. Wewe subiri." Ni mwanamke aliyelea watoto saba na ananipenda. Nilishusha pumzi, nikarudi Nakuru, nikasubiri mwaka mmoja na miezi minne.

Katika muda huo nilimpeleka zahanati mara mbili kwa vitamini A na dawa ya minyoo. Mara zote mbili alipimwa uzani, kitabu cha kliniki kikaandikwa, nikaambiwa mtoto ana afya. Kitabu hicho hicho kina ukurasa unaoeleza mtoto wa umri fulani anatarajiwa kufanya nini: kutabasamu, kuketi, kutembea, kutamka maneno. Muuguzi hakuufungua. Mimi pia sikuufungua, na kilikaa nyumbani kwangu miaka yote hiyo. Baadaye nilikuja kujua kwamba kuna hojaji ya maswali 20 ya ndiyo na la, iliyotungwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, ya kuonyesha kama mtoto anahitaji kuchunguzwa zaidi kuhusu usonji, yaani autism. Wangu alikuwa ameshaipita miezi hiyo hata kabla sijaambiwa nisubiri.

Aliyenizindua ni mwalimu wake wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Hakuniambia mtoto ni mkaidi. Aliniambia, "Mama, kengele ikilia anaziba masikio na kulia, lakini nikimwita jina hageuki. Nenda EARC." Sikujua ni nini. Ni vituo vya Wizara ya Elimu vinavyotathmini watoto wanaodhaniwa kuwa na mahitaji maalum na kushauri wasomee wapi na kwa namna gani. Vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Nimesoma hapa Kenya tangu chekechea na sikuwahi kusikia jina hilo hata siku moja! Ukitaka kujua kilipo kilicho karibu nawe, kaulize kwenye ofisi ya elimu ya kaunti ndogo au kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu tuliyemkuta pale hakutamka usonji. Aliandika barua ya kutupeleka hospitali kupimwa masikio kwanza. Nilikasirika kidogo, nikaona ni kuzungushwa. Lakini alinieleza: mtoto mwenye majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio haitiki akiitwa na anachelewa kusema, na kwa anayemtazama juu juu hana tofauti na mwenye usonji. Usipopima masikio huwezi kujua unachokishughulikia. Siku ya kwanza alikataa kuvalishwa vidude vya masikioni, akapiga mayowe hadi tukarudi nyumbani. Siku ya pili nilimpeleka alfajiri, ameshiba, na kitambaa chake cha buluu mkononi. Anasikia vizuri kabisa, wakasema. Nililia pale kwenye benchi. Nilikuwa nimeomba iwe ni masikio.

Wazazi wenzangu, jambo ambalo hakuna aliyenitayarishia ni hili: wakati wa tathmini anayeulizwa ni wewe. Mimba ilikuwaje? Alilia alipozaliwa? Alitembea lini? Anakuonyesha kitu kwa kidole ili mkitazame pamoja, au anaomba tu? Alikuwa na maneno yakapotea? Ukijibu "sikumbuki" mara tano, wanabaki na kile mtoto atakachofanya ndani ya nusu saa, na wangu siku hiyo alilala. Kilichotuokoa ni video tatu za simu, ya kula, ya kucheza peke yake, na ya siku aliyolia kwa sababu tulipita njia nyingine kutoka dukani. Tangu hapo nina daftari. Naandika tarehe na kilichotokea, siandiki maoni yangu. "Amezungusha gurudumu la kigari dakika 40" inamsaidia daktari kuliko "ana shida."

Jirani yangu hapa Kaptembwa ana kijana wa miaka minane ambaye hatulii hata kidogo, na kwake lililohitajika lilikuwa tofauti. Ili daktari aseme ni ADHD, yaani hali ya mtoto kushindwa kutulia na kukaza fikira, dalili lazima zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kama nyumbani na shuleni, ziwe zimeendelea kwa miezi sita au zaidi, na ziwe zilianza kabla ya miaka 12. Kwa hiyo barua ya mwalimu ina uzito sawa na maelezo ya mzazi. Mtoto anayesumbua shuleni peke yake huenda haoni vizuri ubaoni, au kuna kitu kinachomtisha pale.

Tulipopata barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, tarehe tuliyopewa ilikuwa miezi mingi mbele. Hapo ndipo nilipouma vidole nikikumbuka mwaka na ile miezi minne. Kumbe ningeweza kusubiri nikiwa kwenye foleni! Kama angeanza kusema kabla ya tarehe kufika, ningepoteza nini? Nauli ya matatu. Na therapi haikungoja jina la hali yake. Yule mtaalamu anayewafundisha watoto kuvaa, kushika kijiko na kuvumilia kelele alianza naye wiki zile zile. Jina liliandikwa baadaye, na karatasi hiyo ndiyo iliyotufungulia njia ya kumsajili kwenye Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu.

Mengine niliyoambiwa sitayarudia yote: amelogwa, ni simu, ni mama kufanya kazi mbali. Ila akina mama wajue kwamba katika miaka ya 1950 na 1960 hata madaktari wakubwa wa Marekani na Ulaya walisema usonji unaletwa na mama asiye na upendo. Walikosea, na fikra hiyo ilitupwa. Usikubali kuibebeshwa upya kwenye kikao cha ukoo.

Simlaumu mama mkwe. Alisema alichokijua, na leo ndiye anayeniuliza kila Jumapili kama nimeandika kwenye daftari.

Kijana sasa ana miaka saba. Ana maneno machache, na kadi za picha anazotumia kuniambia anachotaka. Mwezi jana mama mmoja wa ploti yetu alinijia na binti wa miaka mitatu asiyeitika jina. Baba yake anasema wangoje hadi Januari. Nilimwambia ampe mume wake hiyo Januari, lakini barua ya kupima masikio waitafute sasa. Tunaondoka naye Jumanne na matatu ya saa kumi na mbili asubuhi, na nimemwambia ampige video binti akila.